Nusu ya Bega: Michango Yetu Inanunua Nini?

(Maneno haya yalisomwa na Dawati la Afya mbele ya wajumbe wa kamati za afya za parokia na marafiki wa shirika, katika mkutano wa mwaka. Tunayachapa kwa ombi la wajumbe ambao hawakuweza kufika.)



Tumepewa dakika ishirini na tano kuzungumzia kiungo kimoja cha mwili, nacho ni bega. Pengine mtajiuliza kwa nini bega, wakati visima havijaisha kuchimbwa na ada za yatima bado zinadaiwa. Sababu ni kwamba watu wetu sasa wanaishi miaka mingi kuliko wazazi wao, na magonjwa ya viungo yanakuja pamoja na umri. Maombi ya msaada wa upasuaji wa mifupa yanayopita mikononi mwenu yanaongezeka. Mwaka huu parokia mbili zimetuletea barua zinazofanana kama mapacha: muumini ana maumivu makali ya bega, picha imeonyesha kwamba kiungo kimechakaa, na familia imepewa makadirio mawili. Moja ni la kubadilisha bega zima. Jingine, la bei nafuu, ni la kubadilisha nusu. Kamati inauliza: tuchangie lipi?

Jibu letu fupi ni hili. Kwa mgonjwa wa kawaida wa uchakavu wa bega, ambaye kano zake bado ni nzima, lile la nusu mara nyingi si nafuu kama linavyoonekana kwenye karatasi. Lakini wako wagonjwa ambao kwao nusu ndiyo inayofaa hasa, na wengine wanaishi karibu nasi kuliko tunavyodhani. Hatusemi haya kama waganga wa mgonjwa yeyote. Uamuzi ni wa mgonjwa mwenyewe na daktari bingwa wake. Hata hivyo, anayeshika mfuko wa michango ya watu ana wajibu wa kuelewa anacholipia.

Bega lilivyoumbwa

Nyonga ni mpira uliozama ndani ya bakuli. Bega ni tofauti kabisa: ni mpira uliokaa juu ya kisahani kidogo, kama chungwa juu ya kisahani cha kahawa. Mpira ni kichwa cha mfupa wa mkono wa juu, na kisahani ni sehemu ya kombe la mkono, ule mfupa bapa wa mgongoni. Kwa sababu kisahani ni kidogo na hakina kina, mkono unaweza kwenda juu, nyuma, pembeni na kuzunguka, jambo ambalo mguu hauwezi. Kinachozuia chungwa lisidondoke ni misuli minne ambayo kano zake zinaushika mpira kama vidole vinavyoshika embe. Tafadhali zikumbukeni kano hizo, maana tutazirudia.

Mpira na kisahani vyote vimefunikwa na gegedu, ile nyama nyeupe laini mnayoiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Gegedu likiisha, mfupa unasugua mfupa. Mgonjwa husikia mkwaruzo, mkono unapungua uwezo wa kugeuka, na maumivu humwamsha usiku akilalia upande ule. Gegedu huweza kuisha kwa uzee, kwa ajali ya zamani, kwa baridi yabisi inayoshambulia viungo vingi kwa pamoja, au kwa mfupa wa mpira kufa kwa kukosa damu.

Tunaomba hapa msimame nasi kidogo. Si kila bega linalouma limechakaa. Mara nyingi tatizo ni kano iliyochoka au kuchanika, au ni bega lililoganda, hali inayowapata sana wenye kisukari na ambayo kwa wengi hulegea yenyewe baada ya miezi mingi. Wakati mwingine maumivu yanatoka shingoni. Na mtu anayeumwa bega pamoja na kubanwa kifua, jasho jembamba na kukosa pumzi, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya moyo, asisubiri kikao cha kamati. Hivyo basi, ombi lolote la upasuaji wa bega lisilo na picha ya eksirei na barua ya daktari wa mifupa lirudishwe kwa upole. Hata picha ikionyesha uchakavu, wengi huishi nao kwa miaka kwa kutumia dawa za maumivu kwa uangalifu, mazoezi, na sindano ya mara moja moja ndani ya kiungo. Tunasema kwa uangalifu kwa sababu dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa dukani kama pipi, zikitumika muda mrefu huumiza tumbo na figo, hasa za wazee.

Nusu, zima, na kinyume

Katika upasuaji wa nusu, daktari hukata ule mpira uliochakaa na kuweka mpira wa chuma wenye shina linaloingia ndani ya mfupa wa mkono. Kisahani huachwa kama kilivyo. Katika upasuaji wa bega zima, mpira huwekwa vivyo hivyo, kisha juu ya kisahani cha mgonjwa hubandikwa kisahani kipya cha plastiki ngumu. Ipo pia njia ya tatu ambayo mpira na kisahani hubadilishana nafasi, mpira ukawekwa upande wa kombe na kisahani upande wa mkono. Hili huitwa bega la kinyume. Liliundwa kwa ajili ya mtu ambaye kano zake zimechanika kiasi cha kutoweza kushonwa, kwani humwezesha kuinua mkono kwa nguvu ya ule msuli mkubwa wa nje ya bega.

Kazi hii ina historia ndefu kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1893 mjini Paris, daktari Jules-Émile Péan alimwekea mwoka mikate bega la bandia la madini ya platini na mpira, kwa sababu kiungo chake kilikuwa kimeliwa na kifua kikuu. Kiungo kile kilitolewa baada ya miaka kama miwili kutokana na maambukizi. Daktari Charles Neer wa New York aliandika mwaka 1955 kuhusu mpira wa chuma alioutumia kwa watu waliovunjika vibaya kichwa cha mfupa wa mkono, na hilo ndilo bega la nusu tunalolizungumza. Mwaka 1974 alieleza matokeo yake kwa wagonjwa wa uchakavu. Naye Paul Grammont wa Dijon, Ufaransa, alileta bega lake la kinyume mwaka 1985. Leo, katika nchi kama Uingereza, Marekani na Australia, bega la kinyume ndilo linalowekwa zaidi, na nusu imebaki sehemu ndogo tu.

Kwa nini basi nusu ilipendwa kwa miaka mingi, na bado inapendekezwa mahali pengi? Kwa sababu ni fupi na rahisi zaidi kwa mpasuaji. Kukifikia kisahani kule ndani, nyuma ya mfupa na katikati ya misuli, ni kazi ngumu inayotaka mkono uliozoea na vifaa kamili. Aidha, madaktari waliogopa kwamba kisahani cha plastiki kitalegea baada ya miaka. Hofu hiyo haikuwa ya bure, maana kulegea kwa plastiki ndilo tatizo kubwa la bega zima hadi leo. Hatupendi mwondoke hapa mkidhani kwamba anayependekeza nusu ni daktari mvivu.

Matokeo yanasemaje?

Kwanza tuseme lililo jema. Bega la nusu hupunguza maumivu. Mtu aliyekuwa halali usiku hulala, na kwa wengi nafuu hiyo hukaa miaka. Huko Kanada, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wagonjwa 42 wa uchakavu waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa nusu na wengine zima. Baada ya miaka miwili hali ya maisha ya makundi yote mawili ilikuwa imepanda sana, na tofauti kati yao haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitishwa kwa hesabu. Mtu akisoma utafiti huo peke yake atasema: chukueni la nafuu, mambo ni yale yale.

Tatizo la nusu ni kwamba halionekani mapema. Chuma hakina huruma kwa mfupa. Kila mkono unapoinuliwa, mpira wa chuma unasugua kisahani ambacho gegedu lake lilikwisha isha, na mwaka baada ya mwaka kisahani kinachimbika. Maumivu yanarudi polepole. Mgonjwa anarudishwa chumba cha upasuaji ili awekewe kile kisahani ambacho hakuwekewa mwanzoni, lakini sasa mfupa wa kukibandikia umeliwa, makovu yamejaa, na kazi imekuwa ngumu maradufu. Walioongezewa kisahani baadaye kwa kawaida hawapati matokeo mazuri kama wale waliowekewa mara ya kwanza.

Ushahidi wa muda mrefu upo. Kliniki ya Mayo kule Minnesota, Marekani, iliwafuatilia kwa angalau miaka 15 wagonjwa wa umri wa miaka 50 au chini ya hapo, waliopasuliwa kati ya 1976 na 1985. Taarifa ilitoka mwaka 2004. Kwa makadirio yao, baada ya miaka 10 mabega ya nusu yaliyokuwa hayajahitaji kurudiwa yalikuwa asilimia 82, na baada ya miaka 20 asilimia 75. Kwa bega zima ilikuwa asilimia 97 na asilimia 84. Nafuu ya maumivu ilidumu katika makundi yote mawili. Lakini sehemu kubwa ya wagonjwa, wa nusu na wa zima pia, waliwekwa katika daraja la matokeo yasiyoridhisha, hasa kwa sababu mkono haukupata mwendo wa kutosha. Ndiyo maana waandishi wale walihimiza tahadhari kwa vijana. Kuweka kiungo cha bandia kwa mtu wa miaka 40 si sawa na kukiweka kwa mtu wa miaka 70, kwa kuwa yule wa kwanza atakitumia kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Mwaka 2010 wapitiaji wa tafiti wa Cochrane waliweka pamoja majaribio yaliyokuwapo na kuona kwamba bega zima humpa mgonjwa wa uchakavu uwezo mzuri zaidi wa kutumia mkono kuliko nusu, ingawa majaribio yenyewe yalikuwa machache na madogo. Na mwezi Juni 2020 taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, NICE, ilielekeza kwamba mgonjwa wa uchakavu ambaye kano zake hazijachanika, akifikia hatua ya kubadilishiwa bega, apewe bega zima la kawaida.

Hesabu ya fedha

Sasa tuje kwenye kile ambacho Mweka Hazina amekuwa akikisubiri tangu tuanze.

Kule Houston, Texas, mwaka 2000 lilichapishwa jaribio la mabega 51, nayo yaligawanywa kwa kura kati ya nusu na zima. Wale wa bega zima walipata nafuu kubwa zaidi ya maumivu. Lakini madaktari wale walifanya jambo ambalo watafiti wengi hawalifanyi: walipiga hesabu. Bega zima liliongeza gharama ya takriban dola 1,180 kwa mgonjwa, dakika 35 za upasuaji, na damu kidogo iliyopotea. Ufuatiliaji wao ulikuwa wa wastani wa miezi 35 tu, yaani chini ya miaka mitatu. Katika muda huo mfupi wagonjwa watatu wa nusu walikuwa wamerudishwa kuwekewa kisahani, na gharama ya kila upasuaji wa kurudia ilikaribia dola 16,000. Wa bega zima aliyerudishwa hakuwapo.

Hizo ni bei za Marekani na za miaka hiyo. Msizipeleke kwenye bajeti zenu. Tunachowaomba mkitazame ni uwiano. Tofauti ya mwanzo ilikuwa ndogo, na gharama ya kurudia ilikuwa zaidi ya mara kumi ya tofauti hiyo. Kwetu sisi uwiano unaweza kuwa mbaya zaidi, kwa maana upasuaji wa kurudia huweza kumpeleka mgonjwa nje ya nchi, au ukakosekana kabisa. Mtu wa Houston ambaye bega lake la nusu limechoka hurudi kwa daktari wake. Mama wa kijijini kwetu hurudi kwenye kamati, akakuta wajumbe wamebadilika, mfuko ni mtupu, na watu wanasema kimoyomoyo, "Si tulishamchangia?"

Pamoja na hayo, bei nafuu isiwe aibu. Kama daktari bingwa ametazama picha na kusema nusu kwa sababu inayoeleweka, tumsikilize. Sababu zinazoeleweka zipo: mfupa wa kisahani umebaki mdogo mno kubeba plastiki; mgonjwa ni kijana wa kazi nzito ambaye plastiki ingelegea mapema; au kisahani chenyewe bado ni kizima. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotugusa zaidi hapa Tanzania.

Wenye selimundu

Nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Inakadiriwa ni watoto 11,000 au zaidi kila mwaka. Zamani wengi hawakuvuka utoto. Sasa, kwa kliniki na dawa, wengi wanafikia utu uzima, na hapo tunakutana na jambo ambalo kamati zetu hazikulizoea: kijana wa miaka 25 mwenye nyonga au bega la mzee. Seli za damu zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa. Mfupa unakufa, kisha mpira unabonyea kama embe lililoiva mno. Nyonga hupatwa zaidi, na bega hufuata.

Kwa kijana huyo tatizo limeanza kwenye mpira. Akifika mapema, kisahani chake bado kina gegedu zuri. Hapa bega la nusu lina mantiki: badilisha kilichokufa, acha kilicho hai. Matokeo kwa wagonjwa wa namna hii, kisahani kikiwa kizima, huwa mazuri kuliko kwa wagonjwa wa uchakavu wa kawaida. Akichelewa, mpira uliobonyea utakuwa umekwisha kukikwangua kisahani, na faida hiyo imepotea. Kwa hiyo tunazisihi kamati: kijana wa selimundu anayelalamikia bega au nyonga kwa wiki nyingi asiambiwe ni maumivu yake ya kawaida tu. Apigwe picha. Na upasuaji wake usifanywe mahali popote tu. Unahitaji hospitali inayojua kumwandaa kwa maji, hewa na damu, kwa kuwa hatari ya maambukizi na ya kuzidiwa ugonjwa wakati wa upasuaji ni kubwa kwake.

Mafanikio ya nani?

Marafiki zetu wafadhili hutuuliza, na ni haki yao, "Je, upasuaji ulifanikiwa?" Tumekuwa tukijibu ndiyo au hapana. Jibu hilo ni jembamba mno.

Waingereza wana dodoso la Oxford la maswali 12 ya bega, na Wamarekani wa Seattle wana lao, nalo lina maswali 12 ya ndiyo na hapana. Wanamwuliza mgonjwa mwenyewe wala hawaulizi picha: unaweza kulala bila taabu, kuweka mkono nyuma ya kichwa, kuchomekea shati kwa nyuma, kubeba mzigo? Nasi tunaweza kuuliza kwa lugha ya nyumbani. Analala ubavu ule? Anachana nywele mwenyewe? Anafunga kanga? Anafanya ishara ya msalaba bila kuusaidia mkono wa kuume kwa ule wa kushoto? Anajitwika ndoo? Katekista yeyote anaweza kuuliza maswali hayo kabla ya upasuaji, na tena baada ya miezi sita, mwaka, na miaka miwili, akayaandika kwenye daftari la shule.

Na tuseme ukweli kuhusu ndoo. Bega la bandia, liwe nusu au zima, halimrudishi mtu kwenye jembe la kutwa nzima wala kwenye kutwanga. Madaktari wengi huwashauri wagonjwa waepuke mizigo mizito maisha yao yote. Mama anayeishi kwa kulima kwa mikono yake akisikia "bega jipya" anaelewa kwamba atalima tena kama zamani. Asipoelezwa kabla, atalivaa lile bega kama deni: watu wamemchangia na bado hafanyi kazi. Tunaona ni afadhali Padre au mjumbe wa kamati akae naye na familia yake kabla ya michango kuanza, wakubaliane ni kazi zipi zitahamia kwa nani. Wapo watakaosikia hayo na kuamua kuendelea na dawa na mazoezi. Uamuzi huo nao tuuheshimu.

Kisha kuna miezi baada ya upasuaji, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kuona. Mkono hufungwa shingoni kwa wiki nne hadi sita. Ili kuingia ndani, mpasuaji kwa kawaida hukata kano ya mbele ya bega na kuishona tena. Mshono huo usipopewa muda, hukatika na bega huharibika. Kwa hiyo mgonjwa asijisukume kwa mkono ule anapoinuka kutoka kwenye mkeka, wala kwenye benchi la kupigia magoti kanisani. Wakati huo huo mkono usipofanyishwa mazoezi kwa utaratibu wa mtaalamu, unaganda. Ni kazi ya miezi mitatu hadi sita, na nguvu huendelea kurudi hadi mwaka mzima. Nauli ya kwenda kliniki ya mazoezi kila wiki, mtu wa kuchota maji, mtu wa kupika: hayo hayamo kwenye makadirio ya hospitali yoyote. Jumuiya ndogo ndogo zinayaweza bila fedha nyingi, kwa zamu, kama zinavyofanya kwenye msiba.

Mambo ambayo Dawati litauliza

Kuanzia robo ijayo, ombi la upasuaji wa bega litakalofika kwetu tutalisoma kwa utaratibu mpya kidogo. Tutataka kujua kama kano ni nzima, maana jibu hilo ndilo linaloamua kati ya bega la kawaida na la kinyume. Tutataka kujua hali ya kisahani, na kama kinachopendekezwa ni nusu, sababu yake kwa sentensi moja au mbili za daktari. Tutauliza pia mpasuaji amezoea mabega kiasi gani. Swali hili huwatia watu haya, lakini mabega hubadilishwa mara chache kuliko nyonga na magoti kila mahali duniani, na wagonjwa wa wapasuaji wanaofanya kazi hii mara nyingi hupata matokeo bora. Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa. Kama mgonjwa ana bima, tuambiwe bima inalipa nini na inaishia wapi.

Kwa kila ombi litakalokubaliwa, sehemu ya fedha itatengwa tangu siku ya kwanza kwa ajili ya mazoezi, nauli na picha ya kila mwaka, na haitahamishiwa kwenye jambo jingine hata kama hospitali imepandisha bei. Tunajua baadhi yenu mtaona ugumu, kwa sababu maana yake ni kwamba fedha ile ile itawafikia wagonjwa wachache zaidi. Tumelijadili hilo kwa muda mrefu. Wagonjwa watatu waliofuatiliwa tunawaona kuwa bora kuliko watano waliosahauliwa mlangoni mwa hospitali.

Kuhusu kumbukumbu, majirani zetu wa Malawi walianzisha mwaka 2005 daftari la taifa la viungo vya bandia, la nyonga na magoti, na hospitali ya Kikristo ya Beit CURE iliyoko Blantyre imekuwa nguzo ya kazi hiyo. Nchi isiyo tajiri kuliko yetu imeweza kujua nani aliwekewa nini, lini, na anaendeleaje. Sisi hatutengenezi daftari la taifa. Tunaomba tu kila parokia iwe na ukurasa mmoja kwa kila mgonjwa: jina la kiungo alichowekewa, kama kilivyoandikwa kwenye kibandiko cha kiwandani, tarehe, hospitali, na majibu ya yale maswali ya kanga na ndoo. Kibandiko hicho kina thamani kubwa. Daktari wa miaka kumi ijayo, asipojua ni kiungo cha aina gani kilichomo, anaanza kazi gizani. Mwambieni mgonjwa aombe nakala kabla ya kuruhusiwa kutoka, akaitunze pamoja na cheti chake cha ubatizo.

Fomu mpya ziko mezani kwa Sista wa Dawati, pale mlangoni. Zile parokia mbili zilizotuandikia zitapata majibu yao kwa barua baada ya picha za wagonjwa kusomwa na daktari bingwa, nasi tumeshaomba miadi. Maswali tutayapokea baada ya chai.